Pointi Tatu za Vumbi

Pale mwaloni Nyarugusu, mahali pa kusagia na kusafishia mawe ya dhahabu, kila mtu alijua kwa nini bosi Leodgar hakohoi. Ni maziwa. Uliza yeyote. Wanaume wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, walikuwa wanapewa nusu lita kila siku saa nne asubuhi, eti maziwa yanafagia vumbi kifuani. Na bosi mwenyewe, aliyekuwa ananenepa kila masika, bila shaka alikuwa anakunywa lita nzima kama si mbili. Wanawake waliotwanga mawe kwa vinu vya chuma hawakupewa hata tone, na wao ndio waliokohoa mpaka wakashika magoti. Hesabu ilikuwa nyepesi: mwenye pesa ana maziwa, na mwenye maziwa ana kifua.

Mageni aliiamini hesabu hiyo kuliko wote, na utamlaumu vipi? Alikuwa binti wa wafugaji wa Didia, kule Shinyanga. Alizaliwa kwenye boma la ng'ombe arobaini, akakua anakunywa mtindi kwa kata, hata mafua hakuyajua. Ukame ukawamaliza ng'ombe, yeye akabaki na watoto wawili, Nkwabi na mdogo wake, na mikono yake, akapanda basi kuja Geita kutwanga mawe. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Kilima kidogo cha kwenda chumbani kwake, ambacho zamani alikipanda na ndoo kichwani huku anapiga soga, sasa alikipumzikia mara tatu.

"Ni maziwa tu, mayu, mama yangu," alimwambia Justina, jirani yake wa kinu. "Mwili wangu umelelewa na maziwa. Nikiyapata, nitapona."

Justina alikuwa mtu wa Ushirombo, mnene, mcheshi, na mwimbaji wa kwaya tangu ubatizo. Vumbi lilikuwa limeshamnyang'anya sauti ya juu. "Jumapili nimekatika katikati ya Utukufu," alisema, "padri akanitazama kama nimeiba sadaka. Twende tukayadai hayo maziwa, mwenzangu, maana mimi bila sauti nitakwenda mbinguni kufanya nini?"

Basi wakayadai. Jumatatu moja wanawake kumi na wawili waliweka michi chini, wakakaa juu ya magunia, wakakunja mikono. Leodgar alishuka kutoka kwenye kiti chake, akasikiliza, akacheka sana. Maziwa? Maziwa tu? Akawakubalia hapo hapo, wala hakubishana kidogo. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka wauza vitumbua wakaja kuuliza nani anaolewa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu mgumu kama Leodgar amekuwa laini ghafla hivyo. Jamani, furaha nayo inapumbaza.

Miezi mitatu wakanywa. Mageni akapata mashavu. Kila saa nne alifuta mdomo kwa mgongo wa kiganja, akamshukuru Mungu, akarudi kwenye kinu, akakohoa. Justina alikohoa. Wote kumi na wawili walikohoa, tena kwa afya nzuri ya tumbo. Hadi siku moja Mageni aliunyanyua mchi, ukafika usawa wa kiuno, ukagoma. Si mchi uliogoma, ni pumzi. Alikaa chini kwenye vumbi lile lile, mdomo wazi, Justina akimpepea kwa kanga na kumwita majina yote ya ukoo wake.

Zahanati alipokelewa na nesi Eunice, mwanamke mwembamba asiye na subira na uongo. Walimpima makohozi. Baada ya siku mbili majibu yakatoka.

"Kifua kikuu huna," Eunice alisema. "Shukuru. Ulichonacho ni vumbi la mawe. Limeingia mapafuni, limekaa."

"Lakini nakunywa maziwa, nesi. Kila siku nusu lita."

Eunice aliweka kalamu chini. "Mama Nkwabi, maziwa yanaenda tumboni. Vumbi linaenda mapafuni. Yanapishana hapa kooni, wala hayasalimiani. Nani aliwadanganya?"

Miezi mitatu ya vigelegele ilimpanda Mageni usoni ikawa aibu.

"Sikufichi," Eunice aliendelea, sauti imeshuka kidogo. "Lililokwishaingia halitoki. Dawa ya kulitoa sina, wala hospitali kubwa hawana. Ila mapafu yako bado yana nafasi. Ukiacha kulivuta, utapanda kilima chako na kuwalea wanao. Ukiendelea miaka miwili, mitatu, hata ndoo ya maji itakushinda. Acha ile kazi."

Mageni alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Nikiacha, nile nini, nesi? Nile hiyo pumzi?"

Eunice aliichukua kalamu yake tena, akasema, "Basi kama huwezi kuliacha vumbi, lizuieni lisiruke. Mawe makavu ndiyo yanayorusha vumbi. Yakilowa hayarushi."

Mageni alirudi kwa miguu polepole, kichwa kimejaa. Njiani akapita kibandani kwa Mariana, yule anayeuza maziwa kwa mwalo mzima, akaagiza chai ili apate kukaa.

"Hivi bosi Leodgar anakunywa lita ngapi kwa siku?" aliuliza.

Mariana alitoa macho. "Leodgar? Hajawahi kununua hata kikombe. Yanamharisha yule. Mke wake aliniambia, tangu utotoni akiyaonja tu anakimbilia chooni."

Mageni aliishika ile chai mpaka ikapoa. Bosi hanywi maziwa. Abel, mwendesha karasha, ana miaka mitatu ya nusu lita kila siku, na ndiye anayekohoa kama mbuzi mzee. Sasa tofauti yao ni nini? Alifumba macho akauona mwalo wote. Kiti cha Leodgar kiko juu, chini ya turubai, upande upepo unakotokea. Ofisi yake iko juu. Gari lake linaegeshwa juu, lisichafuke. Karasha liko chini. Vinu vya wanawake viko chini ya karasha, pale ambapo kila vumbi linalorushwa na mtu yeyote linapita likienda zake. Gari la bosi lilikuwa linavuta hewa safi kuliko watoto wa watu! Hasira ilimshika Mageni mpaka masikio yakawa ya moto.

Na katikati ya hasira hiyo akamwona mama yake, Didia, anatwanga mtama. Kila baada ya mapigo machache mama alikuwa anachovya vidole kwenye kibuyu, ananyunyizia kinuni, pumba lisimrukie machoni. Mageni mwenyewe alifundishwa hivyo akiwa na miaka saba. Kila mwanamke pale mwaloni alifundishwa hivyo. Na wote kumi na wawili, walipopewa vinu vya chuma na wanaume wasiojua kutwanga, wakatwanga kavu kama walivyoonyeshwa.

"Miaka minne!" alisema kwa sauti, Mariana akashtuka. "Miaka minne natwanga kama mtu asiye na mama!"

Kesho yake asubuhi alipanda kule juu.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, Mama Nkwabi. Maziwa yameisha?"

"Maziwa yapo. Nimekuja kuomba maji."

Alimweleza. Maji ya bwawa yapo, ndiyo yanayosafishia dhahabu kwenye mbao za mteremko zilizotandikwa magunia. Wachote kidogo tu, walowanishe mawe kabla ya kutwanga. Leodgar hakucheka safari hii. Alikunja uso, maana sasa aliguswa penyewe.

"Hapana. Dhahabu ikilowa kabla ya kufika ubaoni inanata kwenye tope na inapotea nalo. Hilo kila mchimbaji analijua. Marehemu baba yangu hakuruhusu hata jasho lidondoke kwenye kinu."

"Baba yako aliwahi kupima?"

Watu waliokuwa karibu wakaacha walichokuwa wanafanya. Leodgar alisimama.

"Unajua unaongea na nani?"

"Na mtu anayependa dhahabu yake," Mageni alisema. "Ndiyo maana nasema tupime. Tuchukue mawe ya duara moja, shimo lile lile, tuyachanganye, tuyagawe sawa. Abel na mwenzake watwange kavu. Mimi na Justina tutwange na maji. Davis anayenunua dhahabu apime mbele ya watu wote. Wakitushinda, sitataja maji tena."

"Hutataja kabisa," Leodgar alisema, "kwa sababu utachukua mchi wako na kuondoka mwaloni kwangu. Na mialo mingine yote humu nina ndugu huko, unalijua hilo."

Mageni alilijua. Maana yake ni kufungasha watoto na kurudi Didia kwenye boma lisilo na ng'ombe. Alifikiria mchi uliogoma kiunoni. Akapiga moyo konde.

"Na sisi tukiwashinda, maji kila siku. Kwenye vinu na kwenye karasha. Na vinu vihamie huku juu, ulipo wewe."

"Mtashindwa," Leodgar alisema. "Sawa."

Jumamosi mwalo ulifurika. Hata waliokuwa wamelala baada ya zamu ya shimoni waliamka. Mawe yalimwagwa kwenye turubai, yakavunjwa vipande vidogo, yakachanganywa kwa koleo mara tatu, na hapo Mageni akasema yeye atagawa na bosi atachagua. Ndivyo kaka zake walivyokuwa wakigawana mpunga baada ya mavuno, ili anayegawa asije akajipendelea. Alipanga malundo mawili, akahamisha jiwe hapa akalirudisha kule, mpaka Leodgar mwenyewe aliyazunguka mara nne akikuna kidevu. Mwisho akachagua la kulia.

Abel na mwenzake walifunga vitambaa usoni wakaanza. Vumbi likapanda, jeupe, likawameza mpaka zikabaki kofia tu. Kazi yao ilikwenda kasi. Upande wa pili, Justina, kwa woga na kwa kupania, alimimina kopo zima la maji kinuni. Mageni akashusha mchi, tope likaruka mpaka kwenye shati la mwenyekiti wa wachimbaji. Watu wakaangua kicheko. Pigo la pili, tope likanata kwenye mchi kama ugali mbichi. La tatu, halikuvunja kitu, likateleza tu.

"Tumekwisha," Justina alinong'ona. "Mageni, tumekwisha. Nirudi vipi Ushirombo na aibu hii?"

"Nyamaza kwanza."

"Bosi anacheka."

"Aache acheke. Nyamaza!"

Mageni aliinama, akachota lile tope lote kwa mikono akaliweka kwenye beseni, hata lililoruka kwenye turubai walilotandika chini. Halafu akatia mawe makavu kinuni. Akachovya ncha za vidole, za vidole tu, kama mama yake na kibuyu. Akanyunyiza. Akashusha mchi.

Jiwe likavunjika, na hakuna kilichoruka. Akashusha tena. Mlio ulibadilika, ukawa mzito, ukawa mlio alioujua tangu utoto. Justina naye akaunyanyua wa kwake, wakapokezana, huyu anapanda huyu anashuka, na nani alianza kuimba hakuna ajuaye. Ulikuwa wimbo wa Kisukuma wa kutwangia mtama, na Justina hakuyajua maneno yake, lakini Justina hakuhitaji maneno. Wanawake kumi waliobaki wakaitikia. Cha ajabu ni kwamba waliokuwa wanatwanga waliimba mpaka mwisho, na hawakukohoa.

Abel alimaliza kwanza, mapema sana. Mageni na Justina walichelewa karibu saa nzima. Walisuuza kinu, wakasuuza michi, wakasuuza turubai, wakanawa mikono mpaka viwikoni, na maji yote hayo yakaingia kwenye beseni lao. Pande zote mbili zikasafishwa kwenye mbao zenye magunia, moja baada ya nyingine, huku macho ya watu wote yakiwa kwenye maji. Davis, mnunuzi wa dhahabu, akachoma zebaki iliyoikamata dhahabu ndani ya chungu chake cha chuma chenye bomba, mbali kabisa, na aliyesogea alifukuzwa. Halafu akaja na mzani wake mdogo, akaukinga na upepo kwa mwili wake.

"Ya Abel, kavu," alisema. "Gramu moja na pointi mbili."

Minong'ono. Leodgar alitikisa kichwa, ameridhika. Mawe yalikuwa mazuri.

Davis akaweka punje ya pili. Akaitoa. Akaupuliza mzani, akaiweka tena. Mageni alisikia moyo unapiga kooni, pale pale maziwa na vumbi yanapopishana.

"Ya akina mama, na maji. Gramu moja na pointi tano."

Vigelegele vikapasuka, na safari hii vilikuwa na haki. Justina alimrukia Mageni nusura wadondokee kinuni. Leodgar alinyanyua mkono.

"Hapana! Nyamazeni! Hawa walichukua lundo lenye mali!"

"Ulichagua wewe, bosi," Mageni alisema. "Mimi niligawa tu."

"Basi hizo pointi tatu zangu zimekwenda wapi? Abel kaiba?"

Abel, maskini, mweupe kama aliyemwagiwa unga, akaanza kuapa kwa jina la mama yake, kikohozi kikamkatiza. Mageni alimwendea. Alimfungua kile kitambaa cha usoni taratibu, kama anamvua mtoto, akakitumbukiza kwenye karai la maji safi. Akakifikicha, akakikamua. Akaomba na cha mwenzake, nacho akakifikicha. Akaomba kofia zao. Halafu akalizungusha karai kwa mkono wa mtu aliyelizungusha miaka minne, maji yakimwagika pembeni kidogo kidogo, mpaka chini pakabaki mchanga wa kujaza kijiko.

"Njoo uone, bosi."

Leodgar aliinama. Pembeni mwa mchanga ule mweusi kulikuwa na mstari wa njano, mwembamba kama uzi, unang'aa juani. Davis akachungulia akapiga mluzi.

"Hizo ni za kwenye kitambaa cha siku moja," Mageni alisema. Akaweka kiganja kwenye kifua cha Abel. "Zingine ziko humu. Na humu." Akajigonga kifua chake. "Miaka minne unatuvutisha dhahabu yako kwa pua, na hapa huwezi kuisafisha kwa ubao. Unapata hasara wewe, tunakufa sisi. Sasa nani anafaidi?"

Leodgar aliugusa ule uzi kwa ncha ya kidole. Watu walingoja atukane. Alipoinuka, alikuwa anatazama mwalo wake wote, lile vumbi jeupe juu ya mapaa, juu ya migomba, juu ya magunia, na usoni mwake mlionekana mtu anayejaribu kukisia hasara ya pointi tatu tatu kwa miaka kumi na moja aliyouendesha mwalo huo.

"Leteni mpira wa maji," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa hivi. Anzeni na karasha."

Huruma ilikuwa na sehemu ndogo sana katika jambo hilo, sitakudanganya. Lakini maji ni maji, na mpira ulifungwa siku hiyo hiyo. Jumatatu vinu kumi na viwili vikahamishiwa juu, chini ya turubai, upande upepo unakotokea. Mialo ya jirani ilituma watu kuja kutazama, wa kiume na wa kike, na Mageni aliwaonyesha ncha za vidole: hivi, si kopo, vidole. Maziwa waliyaendeleza pia. Leodgar alipojaribu kuyafuta, Justina alimwambia wanayanywa kwa sababu ni matamu, basi, na bosi akayaacha.

Baada ya miezi miwili Eunice alimpima tena. Aliweka kifaa mgongoni, akasikiliza upande huu na upande ule. "Halijatoka," alisema. "Nilikwambia halitoki. Lakini halijaongezeka, na unavuta hewa vizuri kuliko ulivyokuja." Halafu, mwanamke yule asiye na mchezo, akatabasamu. "Niambie, kilima unakipandaje?"

"Napumzika mara moja," Mageni alisema. "Tena si kwa kuchoka, nesi. Nasimama kuwasalimia watu."

Jumapili Justina aliimba Utukufu mpaka mwisho, sauti ilichanika kidogo pale juu lakini ilifika, na padri hakumtazama. Justina alilalamika wiki nzima kwamba hakumtazama.

Na siku moja ya jua kali, saa nne, wanawake wakiwa wanafuta midomo, walimwona Leodgar anakuja na kiti chake begani. Vinu vilikuwa vimemsogeza kando, akawa amebaki pembeni kabisa, kule ambako vumbi la mwalo wa jirani lilikuwa linamfikia. Alikuwa anakohoa. Alisimama mbele yao akiwa hajui amtazame nani, yeye mwenye mwalo, anatafuta pa kukaa.

Mageni alisogeza gunia lake, akapisha nafasi karibu na kinu, pale penye kivuli na mawe yaliyolowa.

"Karibu, bosi, kaa," alisema. "Huku siku hizi panakalika."